Gari Nililokuchagulia

Nafula mwanangu,

Siku ile ya kumkumbuka mama yako, ulipopiga magoti kando ya kaburi na kusema kwa sauti, "Mayi, nisamehe, ni mimi nilikuua," nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yako, nimeshika kikombe cha chai. Nilikusikia vizuri. Mama yangu, kukhu wako, akaja akakuinua, akakufuta udongo magotini. Khocha wako Simiyu, kaka wa mama yako, akageuza uso akatazama migomba. Wanawake wa kanisa wakaanzisha wimbo haraka ili kulifunika lile neno. Na mimi, baba yako, nikanywa chai.

Hukumuua mama yako. Nataka ulisome hilo kwanza, hata kama hutasoma zaidi ya hapo. Hukukosea chochote barabarani siku ile. Gari lilikuwa bovu, nilijua ni bovu kabla sijalinunua, na mwaka mzima nimenyamaza nikakuacha ubebe kosa langu.

Barua hii sikuifunga ndani ya bahasha. Ulilaumiwa mbele za watu, kwa hivyo nakala moja nimempa mchungaji wetu hapa Witeithie, na nyingine nimemtumia khocha. Yako ni hii niliyoiandika kwa mkono. Vumilia mwandiko wangu.

Ulipomaliza kidato cha nne, mama yako alikuwa ndiyo tu amepoteza kazi. Miaka mingi alikuwa ameendesha gari la mikate kutoka Thika hadi Ruiru, duka kwa duka, mpaka ile bekari ikafungwa. Hakukaa kulia. Alijenga tanuri la mkaa nyuma ya nyumba, akaanza kuoka mikate yake mwenyewe. "Nafula ajifunze kuendesha," akaniambia. "Tutasambaza sisi wawili. Akienda chuo, awe na kitu mkononi ambacho hakuna mtu anaweza kumnyang'anya."

Unakumbuka mchoro wa chaki? Kule shule ya udereva walikuwa na ubao uliochorwa barabara, na vigari vya plastiki juu yake, na wewe kila siku ulikuwa ukichanganyikiwa kwenye raundabauti. Mama yako akachora raundabauti nzima kwenye sakafu ya sebule, akakupa vizibo vya soda viwe magari. Nilirudi kutoka kiwandani nikawakuta nyote wawili mmepiga magoti sakafuni. Nikapita katikati na viatu vyangu. Ukapiga kelele, "Papa! Umeingia bila kupea watu njia!" Mama yako akacheka hadi akashika ubavu. Siku hizo nilikuwa nikirudi nyumbani mapema ili niwaone.

Jaribio la nadharia ukapita, ukapewa leseni ya mwanafunzi. Ikabaki gari.

Mimi sijui kuendesha, hilo unalijua. Aliyejua magari nyumbani kwetu ni mama yako. Angeachiwa achague peke yake, leo ungekuwa unamletea chai badala ya maua. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mwanamume wa nyumba, na nilitaka siku hiyo ionekane ni siku yangu. Msimamizi wangu kiwandani alikuwa amemnunulia mwanawe gari linalong'aa, na kila Jumapili liliegeshwa pale mlangoni mwa kanisa. Watu walikuwa wakilizunguka kabla ya ibada. Nilikuwa nikimwonea mtu huyo wivu ambao sikuwahi kumwambia mama yako.

Jumamosi ile tulianzia Theta, sisi watatu na fundi Njoroge, yule wa gereji ya hapa karibu aliyekuwa amelitengeneza gari la mikate tangu zamani. Mwenye gari alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mpole anayefuga sungura. Gari lake lilikuwa la kijivu, refu nyuma, rangi imefifia kwa jua. Mama yako alifungua mlango wa nyuma akapima kwa mikono. "Kreti sita zinaingia hapa, na nafasi inabaki." Wewe uliketi kwenye usukani, ukavuta kiti mbele, ukatazama huku na huku. "Papa, hapa naona kila kitu."

Njoroge alilala chini yake kwa muda mrefu. Alipotoka alijipangusa mikono akasema, "Hii ni mzee, lakini ni mzee mwenye afya."

"Haina haraka," mwalimu akasema. "Hata mimi sijawahi kuwa na haraka."

Mkanitazama nyote. Nikasema, "Hii inakaa kama gari ya kubeba maiti." Mlidhani natania. Wewe ulicheka. Mama yako naye akatabasamu, lakini alinitazama kidogo, kwa sababu alikuwa ananijua. Nikasema twende kwanza tuone lingine, kuna mtu ameniambia habari za yadi moja Ruiru.

Pale Ruiru palikuwa na lile la buluu. Sina haja ya kukueleza lilivyokuwa. Lilikuwa limeoshwa hadi magurudumu, vioo vyeusi, na muuzaji alikuwa amefungulia redio ndani ili tulisikie kabla hatujaliona vizuri. Nililipenda kama mtoto anavyopenda kitu cha dukani. Ulilizunguka mara moja ukasema, "Ni fiti, papa. Lakini mimi ile ya mwalimu bado iko kwa roho yangu."

"Wewe ni msichana wa leo," nikakuambia. "Utaendeshaje gari la nyanya?"

Mama yako akasema mna njaa, mkavuka barabara kutafuta chakula. Hapo ndipo Njoroge aliponiita.

"Baba Nafula, kuja. Lala hapa uone."

Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe. Nikatandika gazeti, nikalala. Akaelekeza tochi nyuma ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto.

"Unaona hiyo rangi? Hiyo ni mpya. Chini ya gari nani hupaka rangi?"

"Labda walikuwa wanazuia kutu."

"Walikuwa wanaficha kuchomelea." Akapitisha kidole pale. Palikuwa na mstari umevimba kama kovu. "Hii iligongwa ikavunjika hapa, ikaunganishwa. Vile inashikilia gurudumu, si sawa. Itaenda leo, itaenda kesho. Siku itakataa, itakataa na mtu ndani."

"Haiwezi kurekebishwa?"

"Inaweza kuachwa."

Nilikaa chini pale kwenye gazeti, Nafula. Kwa ng'ambo ya barabara niliwaona mkirudi, umeshika mfuko wa chipsi, mama yako anakuambia kitu mnacheka. Nilikuwa na nafasi ya kusimama na kusema twendeni Theta. Ningesema tu, fundi amekataa, na hakuna mtu angenidharau. Badala yake nikamwambia Njoroge, "Usiwaambie hawa."

Alinitazama. Akazima tochi akaitia mfukoni. "Mimi nimekuambia wewe," akasema. "Mtoto ni wako." Akaondoka kwa miguu hadi stendi, hakungoja chipsi. Ukaniuliza, "Kwani Fundi ameenda wapi?" Nikasema ameitwa na mteja, na kwamba gari ameliona liko sawa. Huo ndio uongo wa kwanza niliokuambia juu ya gari lile, na ulinitoka kwa urahisi.

Mama yako aliliendesha hadi nyumbani. Jumapili likaegeshwa mlangoni mwa kanisa, msimamizi wangu akaja akanipa mkono. Nilifurahi. Nakuambia ukweli wote, kwa hivyo na hilo nakuambia. Nilifurahi sana.

Zile wiki mlizofanya kazi pamoja ndizo unapaswa kuzikumbuka, na najua huzikumbuki, kwa sababu kila kitu umekitazama kupitia siku ya mwisho. Mlikuwa mkitoka na kreti asubuhi, kile kibandiko chekundu cha L, cha dereva mwanafunzi, kimebandikwa nyuma, mnarudi saa nne mmemaliza Juja yote. Mama yako alikuwa akiniambia habari zako jikoni ukiwa umeenda kuoga. "Huyu mtoto ana mkono mzuri," alisema. "Hapigani na gari. Anasikiliza." Siku nyingine akasema, "Leo mbuzi aliruka barabarani, mimi nikapiga kelele, yeye akasimamisha gari polepole akaniuliza kama niko sawa." Hakukuambia hayo kwa sababu alisema dereva anayesifiwa mapema huharibika.

Kisha jioni moja akaja akakaa karibu nami. "Baba Nafula, ile gari inavuta kushoto."

Nilijua. Moyo wangu ulijua hata kabla hajamaliza. Nikasema nitaipeleka irekebishwe magurudumu. Nikamwomba jirani aniendeshee hadi Thika. Kijana wa mashine ya kunyoosha magurudumu alijaribu mara mbili, akafunga, akafungua. Akaniita kando. "Mzee, hii haishiki. Kuna kitu kimepinda huko ndani. Usiitumie, tafuta mtu wa bodi za magari aione kwanza."

Kumtafuta mtu wa bodi kungekuwa kumwambia mama yako kwa nini. Kungekuwa kumwambia juu ya Njoroge na lile gazeti. Nikarudi nyumbani nikasema, "Imeshatengenezwa."

"Asante," akasema mama yako. Alikuwa anakanda unga. Hakuinua hata kichwa, aliniamini tu.

Siku mbili baadaye alisema bado inavuta kidogo. Nikasema ni barabara imeinama.

Sasa hiyo siku. Wewe umeieleza mara moja tu, kwa polisi, na maneno yako yaliandikwa vibaya. Mimi sikuwepo, lakini nimekwenda kuongea na waliokuwepo. Mwenye bodaboda aliyekuwa nyuma yenu kwenye ile barabara ya Theta aliniambia gari lilikuwa linakwenda taratibu, karibu alipite, akasita kwa sababu ya kile kibandiko. Mama anayeuza ndizi pale aliniambia aliliona gurudumu la kushoto likijikunja kuingia ndani, kama mguu wa mtu aliyevunjika goti. Gari likageuka lenyewe kuelekea kwenye mtaro wa saruji. Aliona mikono yako ikizungusha usukani upande wa pili, na gari halikusikia. Hawa wote walikuwa tayari kusema hivyo tangu siku ile. Hakuna aliyewauliza. Mimi ndiye niliyepaswa kuwauliza, na nilikuwa naogopa jibu.

Upande uliogonga mtaro ulikuwa wa mama yako.

Nilipofika hospitalini ulikuwa umewekwa wodi nyingine, mkono umevunjika, nyusi imeshonwa. Mama yako aliishi hadi kesho yake alasiri. Wewe unajua kwamba hakuzungumza. Mimi ndiye niliyekuambia hivyo, na si kweli.

Alizungumza. Asubuhi ile alifungua macho akauliza, "Nafula?" Nikamwambia uko salama. Akafumba macho kidogo, akayafungua tena. Alikuwa akitafuta pumzi baada ya kila neno, kwa hivyo nilikuwa na muda wa kusikia kila moja.

"Usukani ulikufa mikononi mwake," akasema. "Niliona. Mtoto alifanya kila kitu nilichomfunza. Hakukosea. Mwambie."

Nikasema, "Pumzika, Mama Nafula."

"Mwambie leo. Asije akajilaumu."

Kisha akanitazama. "Wewe ulisema imetengenezwa," akasema. Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka kitu. Sikumjibu. Nilishika kitambaa nikampangusa paji la uso, na huo ndio mwisho wa maneno yetu katika ndoa ya miaka ishirini.

Nilitoka pale nikaja wodini kwako. Ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda. "Papa, mayi amesema nini?"

"Bado hajasema kitu," nikakujibu. "Lakini najua anakupenda."

Nimerudia jibu hilo kichwani zaidi ya jambo lolote nililowahi kusema. Mama yako hakunituma nikuambie anakupenda, alijua hilo unalijua. Alinituma na neno moja ulilokuwa unalihitaji, nami nikaliweka mfukoni nikakupa peremende. Kwa sababu ukijua usukani ulikufa, ungeuliza ulikufa kwa nini.

Polisi aliandika kwamba mwanafunzi alishindwa kulidhibiti gari. Alinisomea, nikaitikia. Gari nikaliuza kwa watu wa vyuma chakavu mara tu liliporuhusiwa kutoka kituo cha polisi, likatwe vipande. Kwenye mazishi khocha Simiyu alisimama akasema, "Siku hizi watoto wanapewa usukani kabla ya kupewa akili," na watu wakaguna wakikubali, na wewe ulikuwa umekaa mbele na ule mkono uliofungwa plasta. Nilitazama viatu vyangu. Watu walidhani ni huzuni.

Njoroge alikuwa amefika kwenye maombi ya hapa Witeithie kabla hatujasafiri kwenda kumzika Bungoma. Alikaa nyuma. Tulipotoka nje akanishika mkono akauliza, "Utamwambia mtoto lini?" Nikasema baada ya mazishi. Niliporudi akaniuliza tena. Nikasema akipata nguvu kidogo. Akaacha kuniuliza, kisha akaacha kunisalimia.

Wewe ulibaki kule kwa kukhu. Ulisema huwezi kurudi kwenye nyumba yenye tanuri lile, nami nikaona afadhali, maana sikuwa naweza kukutazama mezani. Kukhu amekuwa akinipigia simu. Anasema barua ya chuo ilikuja ukaiweka chini ya godoro. Anasema unatembea hadi sokoni na kurudi kwa miguu, na mvua ikinyesha bado unatembea, na mtu akikupa lifti unamwambia wewe si mtu wa kuwekwa ndani ya gari na watu wengine. Aliponiambia maneno hayo nilikata simu nikajifanya mtandao umepotea. Hata hapo sikusema. Ilibidi nikusikie kwa masikio yangu ukimwomba maiti msamaha.

Basi wiki hii nimefanya haya. Nilikwenda gereji kwa Njoroge. Alikuwa chini ya gari la mtu, nikangoja atoke. Nikamwambia, "Nataka twende polisi, useme ulichoniambia Ruiru." Alivua ovaroli akaitundika. Tukaandikisha maelezo, yeye yake na mimi yangu. Askari aliuliza gari liko wapi. Nikasema nililiuza likakatwa. Akaweka kalamu chini akanitazama. "Mzee, hata ushahidi uliuza," akasema. Ameniambia nisitoke eneo hili bila kumjulisha. Sijui watafanya nini na mimi. Chochote watakachofanya, usije ukakaa ukidhani umekisababisha.

Nilimpigia khocha Simiyu. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho, hakunikatiza. Kisha nikamsikia akilia, mwanamume mzima, analia kama mtu aliyepigwa. "Nilisema yale maneno mbele ya mtoto wa dada yangu," akasema. "Nilimwambia hana akili." Amesema atakuja kwako kabla ya Jumapili, na kwamba nisiwahi kumpigia tena. Akija mruhusu aseme anachotaka kusema. Yeye alikukosea kwa kutojua.

Mwisho nilimpigia kukhu. Ni mama yangu mzazi, nilidhani atakuwa na neno la kumpa mwanawe. Alisikiliza akasema, "Usikanyage hapa mpaka huyu mtoto aseme uje." Nikamwambia nimesikia. Akasema, "Hata nikifa, mpaka aseme." Nimemwambia ndiyo.

Kwa hivyo siji. Sikuombi msamaha katika barua hii, kwa sababu ukiombwa utaona ni lazima ujibu, nami nakujua, utanijibu kwa huruma kabla hujapata nafasi ya kunikasirikia. Kasirika kwanza. Chukua miaka. Ukitaka kuniuliza kitu chochote juu ya siku yoyote kati ya hizo, uliza, nitajibu sawasawa, hata kama jibu linanifanya nionekane mbaya zaidi ya hapa.

Barua ya chuo itoe chini ya godoro. Kukhu anajua kusoma tarehe, mwonyeshe muone kama bado kuna muda.

Jumapili mchungaji ataisoma nakala aliyonayo kabla ya mahubiri, maneno yote, bila kuruka. Aliniuliza kama ningependelea nisiwepo siku hiyo. Nimemwambia nitakaa benchi ya mbele kabisa, na akimaliza kusoma nitasimama nigeuke, ili wote walionisalimia kwa huruma mwaka mzima waone walikuwa wakimsalimia nani.

Nakuaga, mwanangu. Ubaki na kukhu, na ubaki na maneno ya mama yako, ambayo yalikuwa yako tangu mwanzo: mtoto alifanya kila kitu nilichomfunza, hakukosea.

Ni mimi baba yako,
Witeithie